Kwa Niaba Yetu, Nani Kakutuma?

Nilipofika kwenye mgahawa ule wa Mikindani, wino ulikuwa haujakauka kwenye dole gumba la mdogo wangu. Si ndugu wa damu. Ni mwenzetu katika kazi ya picha, na namwita mdogo wangu kwa umri. Alikuwa amekaa barazani, bakuli la supu ya pweza limepoa mbele yake, anasugua kidole kwa kipande cha gazeti kilichofungiwa chapati. Upande wa pili wa meza alikaa mgeni mmoja mstaarabu, shati limepigwa pasi, faili la kijani liko mapajani. Tulisalimiana, akaniagizia chai, kisha akanipa karatasi niisome. "Kwa taarifa tu, dada," akasema, maana kazi yenyewe ilikuwa imekwisha.

Ilikuwa karatasi ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba wapiga picha wa kujitolea wa Mtwara na Lindi wanairuhusu taasisi yake kutumia picha zao zote za mikoa hii miwili katika kitabu cha utalii na kalenda, bila sharti la kutaja majina, na kwamba haki zote za picha hizo zinahamia kwa taasisi tangu siku ya kutiwa sahihi. Chini palikuwa na mistari ya nukta: jina, cheo, sahihi, muhuri. Kwenye jina mdogo wangu aliandika lake. Kwenye cheo aliandika "Mratibu". Muhuri hatuna, kwa hiyo pale lilikaa dole gumba la zambarau.

Hatujawahi kuwa na mratibu.

Nilisubiri mgeni aende kulipa, nikamuuliza: "Kwa niaba yetu, nani kakutuma?" Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyetegemea swali hilo, akanijibu: "Sasa dada, kama si mimi, angesaini nani?"

Jibu hilo limenikalia kichwani wiki zote hizi. Kumlaumu ni rahisi, na wenzangu kadhaa wamemlaumu vya kutosha. Mimi nimeshindwa, kwa sababu swali lake ni la haki na sisi hatukuwa na jibu.

## Ruhusa iliyokuwapo tayari

Wengi mnaosoma hapa mnajua tunachofanya, sitarudia. Picha zetu ziko Wikimedia Commons, hazina ya picha huria mtandaoni, zinatumika kwenye makala za Wikipedia ya Kiswahili na za lugha nyingine, chini ya leseni huria ya Creative Commons. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuchukua picha, kuichapa, hata kuiuza. Anachotakiwa kufanya ni kumtaja aliyepiga, kuitaja leseni, na akiibadilisha picha basi atoe alichotengeneza kwa masharti yaleyale.

Maana yake yule mgeni hakuhitaji kusafiri kuja Mikindani. Ruhusa yake ilitoka siku ile picha zilipopakiwa. Angeweka jina dogo chini ya kila picha na leseni pembeni, kitabu kingeenda kiwandani bila kumwomba mtu chochote.

Kwa nini basi alikuja?

Nadhani nimeelewa. Ofisi zetu zinaamini karatasi. Mkaguzi atakapouliza kibali kiko wapi, ukurasa wa intaneti hauna muhuri, haukunjiki ukaingia kwenye faili la kijani. Anatakiwa mtu, mwenye cheo, aliyetia mkono mbele ya shahidi. Sisi hatuna mtu wa namna hiyo, kwa hiyo akatengenezwa palepale mezani, kati ya supu na chai.

Lakini karatasi ile haikuishia kwenye ruhusa tuliyokwisha kuitoa. Iliomba mambo mawili ambayo hakuna mmoja wetu aliyekuwa na uwezo wa kuyatoa kwa ajili ya wengine: majina yafutwe, na haki zihame. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa hakimiliki aliyeibuni kazi. Haki hiyo inaishi naye maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Anaweza kuihamisha, ila kwa maandishi yake mwenyewe. Na haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi nayo ni yake.

Kwa hiyo mbele ya sheria karatasi ya Mikindani ilihamisha picha za mtu mmoja tu, aliyeweka dole gumba. Za sisi wengine hazikusogea hata hatua moja.

Nilipofika hapo nilitegemea nitatulia. Sikutulia. Sheria kuwa upande wako ni jambo moja, kitabu kuchapwa bila jina lako ni jingine, na katika sisi sijamwona mwenye nauli ya kwenda mahakamani kwa ajili ya picha ya korosho.

## Mwalimu, fundi, na mama wa Ndanda

Nilianza kuwapigia wenzangu, mmoja mmoja.

Mwalimu wetu wa Tandahimba ndiye mwenye ile picha ambayo wengi mnaipenda, ya kina mama wakibangua korosho. Wamekaa kwenye mkeka, wameinamia, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, na mmoja ameinua uso wakati huohuo kamera inafyatuliwa. Mwalimu alikwenda pale mara nyingi kabla ya kutoa simu mfukoni. Alitaka kwanza wamzoee. Nilipomsomea ile karatasi alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Hela sijaomba. Mshahara ninao, hata kama hautoshi. Mimi nataka jina langu likae pale. Na wale mama nao niliwaambia picha itakuwa na jina langu, wakitaka kuuliza waniulize mimi."

Sikuwa nimelifikiria hilo la mwisho. Jina chini ya picha ni heshima kwa mpigaji, sawa. Pia ni anwani ya lawama. Wale kina mama walikubali kupigwa kwa sababu walimjua anayewapiga. Likifutwa jina, wamebaki na taasisi ambayo hawajawahi kuiona.

Fundi simu wa Lindi mjini alinijibu kinyume kabisa. Yeye ana picha nyingi za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. "Dada, mimi nimeziweka zionekane," alisema. "Wafute jina, wasifute, Kilwa ikionekana nimeridhika. Mnajifunga wenyewe na masharti ya Wazungu." Nilibishana naye kidogo kuhusu hayo masharti, lakini katika jambo la msingi ana haki. Picha ni zake. Akitaka kuzitoa bila sharti lolote, ipo leseni ya kufanya hivyo, na hakuna wa kumzuia.

Ila anaweza kutoa zake tu.

Halafu kuna marehemu. Walioanza na sisi wanamkumbuka, kijana wa Ndanda aliyekuwa akipanda bodaboda na kamera ya kuazima kwenda kupiga zahanati, madaraja na visima ambavyo hakuna mtu mwingine angehangaika navyo. Picha zake zimo kwenye karatasi ile pia, maana iliandikwa "picha zote". Yeye hawezi kutia sahihi, wala hakuna kati yetu anayeweza kumtilia. Kwa sheria tuliyonayo, haki zake zimekwenda kwa warithi, na mrithi tunayemjua ni mama yake.

Nilimpigia. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha nikaeleza kadiri nilivyoweza. Mama ana simu ya kitochi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Picha za mwanangu? Ziko wapi, nizione?"

Miaka yote hii tumekuwa tukizitumia picha za mtoto wake, tunazisifu, tunazipanga kwenye makala, na mrithi wake hakujua kama zipo. Mwenzetu anayekaa Masasi alikwenda Ndanda na simu kubwa akamwonyesha. Mama alizitazama zote. Alitaka mambo mawili: zisiuzwe kwa mtu mmoja akazifungia, na jina liandikwe kamili, na la baba yake.

## Kuhusu majina, kidogo

Mtu wa Lindi hatakiwi kuelezwa sana uzito wa jina kufutwa. Kilima cha Tendaguru kilichimbwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na mifupa ya dinosaria ikabebwa vichwani mpaka bandarini Lindi, ikasafirishwa hadi Berlin. Kiunzi kikubwa kuliko vyote kimesimama kule mpaka leo, kimo chake zaidi ya meta 13. Waliochimba, waliofunga mifupa kwa udongo na mianzi, waliobeba, walikuwa mamia kwa mamia ya watu wa huku. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na ustadi wake uliandikwa na Wajerumani wenyewe. Jina lake liliingia kwenye jina la kisayansi la dinosaria mmojawapo wa Tendaguru, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu miaka 100 baadaye.

Kwa hiyo fundi anaponiambia jina halina maana mradi kitu kionekane, namheshimu, lakini mwenyewe siwezi kukubali.

## Wakubwa walifanyaje

Nilipochoka kupiga simu nikaanza kuuliza watu wa kujitolea walio wengi kuliko sisi walilitatua vipi swali la mdogo wangu. Kama si mimi, nani?

Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilizimwa kwa saa 24. Ilikuwa kupinga miswada miwili ya hakimiliki iliyokuwa bungeni Marekani, iliyojulikana kama SOPA na PIPA, ambayo ingeziwezesha mamlaka na wenye hakimiliki kubana tovuti nzima kwa tuhuma za kukiuka hakimiliki. Miswada ikawekwa kando siku chache baadaye. Uamuzi wa kuzima haukutolewa na mkurugenzi. Wahariri zaidi ya 1,800 walishiriki mjadala wa siku tatu, wengi wakaunga mkono, taasisi inayoendesha mitambo ikatekeleza.

Watu 1,800 ni wengi. Nilivutiwa, kisha nikaanza kupata shaka. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza ni maelfu kwa maelfu, na wasomaji ni mamilioni. Mwanafunzi wa chuo hapa Mtwara aliyefungua ukurasa siku ile akakuta weusi hakuulizwa, na mbunge wa kumpigia simu Washington hakuwa naye. Wenye kura walikuwa wale waliokuwapo, waliojua kwamba kuna mjadala, wenye muda na mtandao wa kukaa humo siku tatu.

Hata hivyo siwezi kusema walikosea. Mswada hausubiri kila mtu apatikane. Wangesubiri, sheria ingepita.

Ulaya hali ilikuwa ngumu zaidi. Wikipedia ya Kijerumani ilijizima tarehe 21 Machi 2019, pamoja na za Kideni, Kicheki na Kislovakia, kupinga maagizo mapya ya hakimiliki ya Umoja wa Ulaya. Siku tano baadaye Bunge la Ulaya likayapitisha, kura 348 dhidi ya 274. Kilichonisimamisha ni kwamba maagizo hayo yenyewe yaliziondoa ensaiklopidia za mtandaoni zisizo za biashara kwenye kifungu kilicholalamikiwa sana, kile cha kuzibebesha tovuti dhima ya kazi zinazopakiwa na watumiaji. Wahariri walikuwa wanasemea mtandao wote, na watu wadogo ambao kifungu kile kingewagusa. Upande wa pili, Paul McCartney na wasanii wengine walikuwa wamewaandikia wabunge wayakubali, wakisema wanawasemea wanaoishi kwa kazi zao za sanaa. Kila upande ulisema unawatetea wabunifu, na sina sababu ya kudhani kuna upande uliodanganya.

Nimelala na jambo hili siku nyingi. Nadhani kuna tofauti kati ya kusemea watu na kutoa mali yao. Wahariri wa Kijerumani walipojizima walitoa maoni kwa jina lao. Hakuna aliyepoteza haki ya picha yake kwa sababu ya uamuzi ule, na aliyepinga alibaki na uhuru wa kusema anapinga. Karatasi ya Mikindani haikuwa maoni. Ilikuwa makabidhiano. Mtu anaweza kusimama akasema "sisi wa kusini tunaona hivi" na akikosea tukamsahihisha kesho yake. Akisema "sisi wa kusini tumetoa" na kitabu kikachapwa, ya kesho haisaidii.

Hapo ndipo nilipopata pa kusimama, lakini bado sikuwa na njia ya kutokea.

## Waliofuta kazi za wenzao

Njia moja niliipata kwa watu wa ramani. OpenStreetMap, ile ramani huria ambayo baadhi yetu tunaichangia, iliamua kubadilisha leseni. Ikajikuta mahali petu hasa: kila barabara, kila mto, kila nyumba imechorwa na mtu, na kila mtu ana haki yake. Hawakumtafuta mratibu. Waliwauliza wachangiaji mmoja mmoja, kila mtu na akaunti yake. Mwaka 2012, kabla leseni mpya haijaanza rasmi mwezi Septemba, kazi za waliokataa na za wale ambao hawakujibu ziliondolewa kwenye ramani. Kuna nchi ziliumia. Australia ilipoteza barabara nyingi, na watu wakaanza kuzichora upya.

Niliposoma hilo mara ya kwanza niliona ni ukatili. Nikimfikiria kijana wa Ndanda, visima vyake vyote vingefutwa kwa sababu marehemu hajibu barua pepe. Sasa naona pia uaminifu wake. Walikubali ramani ipungue kuliko kumsemea mtu ambaye hakusema.

Kwa siku za mbele wakajiwekea utaratibu. Leseni ikitaka kubadilishwa tena, wanachama wa taasisi yao wapige kura, kisha wakubali theluthi mbili ya wachangiaji hai. Mchangiaji hai wamemweleza: aliyefanya kazi kwenye ramani katika miezi yoyote 3 kati ya 12 iliyopita, mwenye barua pepe inayofanya kazi, na anayejibu ndani ya wiki 3.

Ni utaratibu mzuri. Nilitaka kuunakili kama ulivyo, mpaka nilipoanza kuujaribu kwa majina ya kwetu. Miezi mitatu si tatizo. Barua pepe ndiyo tatizo. Huku wengi tulifungua barua pepe ili simu ifanye kazi, neno la siri likasahaulika siku hiyohiyo, na simu ikiharibika unafungua nyingine. Wiki tatu zikianguka wakati wa kupalilia au wakati wa kuokota korosho, nusu ya Newala haipo mtandaoni kabisa. Bando linanunuliwa korosho zikiuzwa. Utaratibu huo ukiletwa huku bila kuguswa, watakaobaki "hai" ni sisi wa mjini wenye ofisi. Na mimi nisingependa kuisemea Newala kwa sababu tu nina intaneti ya kazini.

## Mkulima na mnada

Mwishowe nilichokuwa nakitafuta kilikuwa mlangoni kwetu.

Watu wa mikoa hii tunajua kusemewa. Mkulima wa korosho hauzi peke yake. Anapeleka kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, zinapimwa, kilo zake zinaandikwa kwa jina lake, chama kinapeleka kwenye chama kikuu, kama MAMCU au TANECU, na huko kunafanyika mnada. Viongozi wa chama wanamsemea. Lakini siku ya mnada bei zinasomwa hadharani, na wakulima wanaulizwa. Oktoba 2018 waliulizwa, wakakataa. Bei zilikuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakasema hapana, korosho zikarudi kukaa ghalani. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na jeshi likaingia kusomba. Yaliyofuata kila mmoja ana hadithi yake, na si zote njema. Wapo waliosubiri malipo mpaka wakachoka.

Ninachokitaka humo ni kitu kimoja. Kiongozi wa chama anaweza kusimama mbele ya mnunuzi kwa sababu nyuma yake kuna daftari. Lina majina na kilo. Mtu akitaka kujua anasemewa nani na kwa kiasi gani, daftari lipo. Na pamoja na daftari lote hilo, bei bado inarudishwa kwa wenyewe.

Sisi tunalo daftari zuri zaidi. Kila picha ina jina la aliyeipakia, siku na saa. Anayesema hatujulikani hajatazama. Kwa sanaa za jadi sheria ya 1999 ilibidi itafute njia nyingine. Ngoma ya sindimba haina mtunzi mmoja wa kumgongea mlango, kwa hiyo anayetaka kuitumia kibiashara nje ya mazingira yake ameelekezwa aombe ruhusa Baraza la Sanaa la Taifa. Naielewa sababu, ingawa ningependa siku moja nisikie wachezaji wenyewe wa Newala wanaionaje. Lakini picha ya mwalimu si sindimba. Mwenyewe yupo, ana simu, anafundisha darasa la nne.

## Barua ya pili

Tumeandika barua nyingine kwa ile taasisi. Haina cheo hata kimoja. Ina orodha ya majina, na mbele ya kila jina alichosema mwenyewe. Mwalimu amekubali, kwa sharti la jina. Fundi amekubali bila sharti, na ameandika kwa mkono wake kwamba hayo ni ya picha zake tu. Mama wa Ndanda ameandikiwa na mjukuu wake, ameweka dole gumba, na safari hii dole gumba liko mahali pake. Wawili wamekataa kabisa kalenda. Picha zao zipo chini ya leseni na yeyote anaweza kuzitumia kwa masharti yake, ila hawataki kutia mkono kwenye karatasi ya kuhamisha haki. Wengine bado hatujawapata, na tumeandika hivyo: hawajapatikana. Tumeieleza taasisi kwamba ile karatasi ya kwanza ina nguvu kwa picha za mtu mmoja tu, na kwamba kwa picha zote wanaweza kuendelea na kitabu hata leo, majina yakiwepo.

Mdogo wangu naye ametia sahihi ya pili. Alisoma orodha yote kwanza, akaniambia: "Hii imechukua wiki ngapi, dada? Yule bwana aliahidi kompyuta na mwezi wa intaneti. Akienda kwa watu wengine?"

Ana hoja, na sitaki kumjibu kwa haraka. Kikundi chetu kinaishi kwa simu zilizopasuka vioo. Taasisi yenye bajeti haitangoja tumpate kila mtu kila inapotaka jambo, na tukishindwa kabisa kujibu, watakaoisemea Mtwara ni watu wasioishi Mtwara. Tangu machafuko ya kupinga bomba la gesi mwaka 2013 tumeona namna watu wa mbali wanavyoweza kujaza nafasi ya msemaji wakati wenyeji wanabishana.

Anachopendekeza yeye ni tuchague msemaji mmoja wa mwaka mzima, mwenye mamlaka kamili. Nakubali msemaji. Apokee wageni, aeleze leseni, apokee kompyuta, aseme msimamo wetu sheria inapojadiliwa, na kila anaposema aseme pia ni wangapi waliulizwa na wangapi hawakuulizwa. Mamlaka kamili siyakubali. Jina la mtu, na haki ya picha ya mtu, visiwe mkononi mwake hata siku moja, na asiyejibu ahesabiwe hajajibu. Kimya cha mtu aliye shambani si ndiyo.

Wapo wanaoona nang'ang'ania, na fundi ni mmoja wao. Ameshaniambia atasimama upande wa mdogo wangu. Tutapiga kura Masasi, Jumamosi ya kwanza baada ya mnada wa kwanza wa korosho, si kabla, ili wa Newala na Tandahimba wawe na nauli ya kufika.